Safu ya Jicho la Pili

Shangazi yangu alishona shuka za hospitali kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo hakuna daktari aliyechana gauni la upasuaji kwa uzembe akampelekea bila kwanza kujiandaa kusemwa. Walimwita Bi Sindano. Wageni walidhani ni kwa sababu ya kazi yake. Waliowahi kukorofishana naye walijua ni kwa sababu ya ulimi.

Mimi ni mtoto wa kaka yake. Naendesha gari la kusambaza dawa kwenye zahanati, na tangu nipate leseni hajaniita tena kwa jina langu. Mimi ni Dereva, basi. Nayasema haya mapema ili ieleweke kwamba nilimjua vizuri, na kwamba kosa nililomfanyia nililifanya nikiwa namjua. Sina pa kujificha.

Chumba chake cha kushonea kilikuwa mwisho wa korido, ukuta mmoja na chumba cha kufulia, kwa hiyo mvuke uliingia humo mwaka mzima. Msimu mmoja wa mvua rundo la magauni ya kijani lilisahaulika kabatini wiki mbili. Yalipotoka yalikuwa na madoa ya duara, meusi na ya waridi, moja ndani ya jingine. Mtu mwingine angeyarudisha yachemshwe. Shangazi alikata kipande chenye doa zuri kuliko yote, akakitia kwenye bahasha, akaenda nacho maabara.

Mtaalamu wa maabara alikuwa mwanamume mrefu, mpole, anayetembea kama mtu anayehesabu vigae vya sakafu. Kwa kuwa kazi yake ilikuwa kupokea kutoka kwa wagonjwa vile vikopo ambavyo kila mtu huvibeba akiwa ameangalia pembeni, hospitali nzima ilimwita Mzee Vikopo, ingawa wakati huo hakuwa mzee hata kidogo. Alipomwona Bi Sindano mlangoni alijua amekuja kwa shari. Shangazi akaweka kitambaa mezani akauliza, "Hiki ni nini?"

Bwana yule alikiweka chini ya hadubini, akarekebisha, akasogea pembeni. Shangazi aliinama pale mpaka wagonjwa waliokuwa kwenye foleni, vikopo mkononi, wakaanza kukohoa kwa makusudi.

"Niliona msitu," aliniambia miaka mingi baadaye. "Msitu mzima, na matawi yake, ndani ya gauni la daktari mchafu."

Mzee Vikopo alimwambia hao ni kuvu, na kuna wakubwa zaidi yao, tena hawahitaji hadubini. Wako kwenye msitu, nyuma ya mtambo wa maji. Kama ana nafasi Jumamosi.

Alikuwa na nafasi Jumamosi hiyo, na karibu kila Jumamosi kwa miaka ishirini iliyofuata.

Msitu wenyewe ni mdogo. Mtu mwenye haraka zake anauvuka kwa robo saa. Ukiwa na Shangazi unauvuka kwa saa nne, na katika saa hizo nne, tatu utakuwa umepiga magoti. Mzee Vikopo aliugawa kwa vigingi vyenye namba, kumi na tisa, na kila walichokiona kiliandikwa kimeonekana kati ya kigingi kipi na kipi, juu ya gogo gani, lililooza kiasi gani. Uyoga, ukungu, magamba yanayoota ubavuni mwa miti, na wale waliowaita watembezi.

Watembezi si uyoga, na Shangazi hukasirika ukisema ni uyoga. Ni kitu kama kiini cha yai kilichomwagika juu ya gogo. Leo unakikuta hapa, kesho kimehamia upande wa pili chenyewe, bila miguu, keshokutwa kimegeuka vishanga vidogo vilivyojaa vumbi, na siku inayofuata hakipo. Mara ya kwanza kuambiwa habari hiyo nilidhani wananitania.

Daftari lao lilikuwa lile kubwa la jalada gumu, la kuandikia wagonjwa wa nje, ambalo hospitali iliacha kulitumia. Walipiga mistari upya. Namba, tarehe, mahali, umbo, harufu, rangi ya vumbi. Hiyo rangi ya vumbi waliipata kwa kulaza kofia ya uyoga juu ya karatasi, nusu nyeusi nusu nyeupe, wakaifunika kwa bilauri mpaka kesho yake. Kisha safu mbili za saini, Jicho la Kwanza na Jicho la Pili. Mwisho kabisa, maelezo.

Hizo safu mbili ndizo zilizokuwa sheria yao. Aliyekiona kitu kwanza anasaini kwanza. Mwingine anakuja, anakiangalia kana kwamba mwenzake ni mwongo, anabisha, anageuza, ananusa, na akiridhika anasaini. Kilichoonwa na mtu mmoja hakihesabiwi. Mzee Vikopo alisema maabara ilimfundisha kwamba jicho moja huona linachotaka. Na kosa halifutwi kwa kifutio. Linakatwa kwa mstari mmoja, ili atakayekuja baadaye aone mlikosea wapi.

Kulikuwa na kitu kati yao? Hospitali nzima iliuliza, na mimi pia. Yeye alikuwa na mke, kisha akawa mjane. Shangazi aliolewa mara moja, akarudi kwao baada ya miaka miwili, na hadithi hiyo hataki iulizwe. Ninachojua ni kwamba Ijumaa jioni alikuwa anachonga penseli zote mbili, yake na ya yule bwana.

Kisha Mzee Vikopo akastaafu, na binti yake akaja kumchukua akaishi naye, mji mwingine, mwendo wa saa tano kwa gari. Siku ya kuondoka alimwachia Shangazi daftari, hadubini yake ndogo na maboksi yote ya glavu yaliyojaa vielelezo vikavu ndani ya bahasha. Nilikuwepo, maana mimi ndiye niliyebeba maboksi.

"Uendelee," akamwambia. "Safu yangu iache wazi. Nitakuja kusaini."

"Lini?"

"Nikishatulia kule."

Hiyo ilikuwa miaka minne kabla ya haya ninayosimulia.

Mwaka wa kwanza alipiga simu kila Jumapili, na walizungumza kuhusu kuvu mpaka chai ya Shangazi ikapoa. Mwaka wa pili simu zikaja moja moja. Baadaye ikawa anayepokea ni binti: baba amelala, baba ametoka, nitamwambia. Shangazi ana kiburi, na kiburi chake ni cha watu wanaojiumiza wenyewe. Akasema hampigii mtu asiyempigia. Akaacha.

Lakini msituni hakuacha. Shangazi naye akastaafu, goti likaanza kumsumbua, ikawa Jumamosi zangu ni zake: nampeleka na gari, nabeba kikapu, nashika kioo cha kukuza, napigwa na matone ya majani. Mimi sipendi msitu, niseme ukweli. Napenda lami. Nyumbani alianika alivyovikuta juu ya wavu, chini yake taa, halafu Jumapili baada ya chakula anaandika daftarini, kwa namba alizoanza upya kutoka moja tangu Mzee Vikopo aondoke. Anasaini Jicho la Kwanza. Kisha anapitisha kidole kwenye safu ya pili, kutoka juu ya ukurasa mpaka chini, kama mtu anayepangusa vumbi, na anafunga.

Kile kidole ndicho kilichonimaliza. Ukurasa baada ya ukurasa, saini upande mmoja, weupe upande mwingine. Mistari mia moja themanini na sita. Nilimwonea huruma, na huruma yangu ina tabia mbaya, haikai kimya.

"Shangazi, huyu mtu haji."

"Alisema atakuja."

"Miaka minne!"

"Wewe ndiye unayehesabu," akasema. "Mimi sijakuuliza."

Jumapili moja alikwenda kumjulia hali jirani aliyejifungua, akaacha daftari mezani. Nikaketi. Nikajiambia, hivi kweli jambo lenyewe ni kubwa kiasi hiki? Linatakiwa jicho la pili, na mimi nina macho mawili. Vingine nilikuwepo vilipookotwa. Nilichukua kalamu yangu ya wino wa bluu, ile ninayosainia risiti za dawa, nikaanza mstari wa kwanza. Nilisaini saini yangu mwenyewe, sikughushi ya mtu. Nilipofika mia moja mkono uliuma nikaunyoosha nikaendelea. Nilijiona mtu mwema sana. Nilifikiri nampumzisha.

Alirudi akiwa na furaha ya kushika mtoto mchanga. Akavua viatu, akavaa miwani, akafungua daftari aongeze jambo. Nilisimama jikoni nikisubiri shukrani.

Aligeuza ukurasa wa kwanza, wa pili, akaenda mpaka wa mwisho.

"Namba mia na kumi na mbili," akasema bila kunitazama. "Chini ya kofia kulikuwa na mikunjo au vitundu?"

"Sijui."

"Namba arobaini. Ulipoukata, ulibadilika rangi?"

"Shangazi..."

"Saini hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Sasa uliona nini?"

Nilitaka kuchekesha nikashindwa. Nikamwambia nilitaka limalizike, aache kukaa roho juu kila Jumapili. Hapo akavua miwani. Nilitarajia ulimi ule ambao hospitali nzima iliuogopa, na laiti ungekuja. Alisema polepole, "Mle ndani mlikuwa na nafasi ya mtu. Umeikalia."

Akaingia chumbani kwake.

Kesho yake jioni, niliporudi kazini, nikamkuta ameandaa meza: daftari, rula, kalamu nyekundu. Adhabu yangu ilikuwa kuzikata saini zangu zote mia moja themanini na sita, moja moja, kwa mstari mmoja ulionyooka, na kila mstari kuandika tarehe na neno imefutwa. Yeye akasimama nyuma yangu. Na kwa kuwa sheria ni sheria, kabla ya kukata chochote ilibidi nisome kwa sauti mstari wote, mpaka mwisho, kuhakikisha nakata ninachokijua.

Ndipo nikasoma safu ya maelezo. Nilikuwa nimesaini mistari yote hiyo bila kuisoma.

"Namba thelathini na moja," nilisoma. "Kigingi cha nne, gogo bichi. Harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Ungesema ni ya wodi ya tatu."

Nikamtazama. Akasema, "Kata."

"Namba hamsini na nane. Sina uhakika. Ungekuwepo tungegombana." Nikakata.

"Namba sabini na tatu. Nimeiangalia kwa hadubini yako. Nimebisha peke yangu, nikajijibu, nikashindwa."

"Kata."

"Namba mia moja na thelathini. Leo Dereva amenileta. Amenuna njia nzima."

"Si ulinuna?" akasema, na mara ya kwanza tangu Jumapili alikaribia kucheka.

Tulimaliza jioni ya pili. Katika kurasa za mwisho maandishi yake yalikuwa madogo zaidi. Namba mia moja sabini na moja nilianza kuisoma kabla sijajua ina nini. "Watembezi, rangi ya machungwa, gogo lote. Nilipoona nikaita kwa sauti, njoo uone! Dereva akaja mbio. Si yeye niliyemwita."

Niliikumbuka siku hiyo. Nilikimbia kwenye tope na viatu vyangu vipya, nikafika nikihema, na yeye akaniangalia kwa namna ambayo sikuielewa, akaniambia hakuna kitu, nirudi garini. Nilikata mstari wangu mwekundu, haukunyooka vizuri.

"Shangazi, kwa nini husemi tu?"

"Niseme nini?"

"Kwamba unampenda."

Alichukua kalamu mkononi mwangu akaifunika kifuniko. "Hilo neno sijui kama ndilo lenyewe," akasema. "Najua ninamkumbuka. Namkumbuka mpaka nachoka, nikipumzika namkumbuka tena. Watu wengi wamenipita, Dereva. Yule tu ndiye aliyekuwa ananisubiri nimalize kuangalia."

Nilimwambia twende basi, saa tano si kitu, mimi kwa wiki naendesha mara kumi ya hizo. Akakataa. Mtu akisema atakuja, ukimfuata unamwambia amesema uongo. Nilijua kubishana naye ni kutwanga maji, nikaacha.

Jumamosi iliyofuata mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Kati ya kigingi cha kumi na moja na cha kumi na mbili, kwenye ubao uliooza ambao mafundi wa mtambo waliutupa, Shangazi alipiga magoti akakaa hivyo muda mrefu. Nikasogea. Alikuwa ni mtembezi, lakini si wa manjano wala wa machungwa. Alikuwa na rangi ya zambarau iliyoiva, karibu na nyeusi, na mishipa yake ilitanda kwenye ubao ikimeta. Sijui mambo hayo, lakini hata mimi nilijua ni kitu kigeni, kwa sababu Shangazi alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Ni nani huyu?" nikauliza.

"Simjui." Akatazama vizuri kwa kioo. "Miaka ishirini na nne, simjui."

Uyoga angeuanika. Gamba lingekaa kwenye bahasha miaka kumi. Huyu, kesho asubuhi hatakuwa na rangi hii tena. Atakuwa amekauka vishanga, na rangi ambayo ndiyo ushahidi wenyewe itakuwa imekwenda. Hakuna namna ya kumhifadhi kwa mtu atakayekuja siku moja. Nilimwona Shangazi akiipiga hesabu hiyo, bado kapiga magoti, goti bovu chini.

"Gari lina mafuta?" akauliza.

"Lina."

Tulikata kipande cha ubao kwa msumeno mdogo, tukakilaza kwenye kopo la biskuti juu ya karatasi iliyoloweshwa. Tulipita nyumbani dakika tano tu, kuchukua daftari. Hakubadilisha nguo. Njiani alilishika kopo mapajani kama amebeba supu, na kila nikikutana na shimo alinisema. Kila nusu saa aliinua kifuniko kidogo akachungulia. Saa ya tatu akasema, "Amepanda ukingoni. Na yeye anasafiri."

Nilikuwa nimempigia binti yake tukiwa njiani. Aliuliza mara mbili kama kweli tuko njiani, halafu akasema karibuni. Alitupokea chini ya ngazi, mama wa makamo, mwalimu wa hesabu, mikono yake ina chaki hata Jumamosi. Alimsalimia Shangazi kwa heshima, kisha akamshika kiwiko kabla hatujapanda.

"Shangazi," akamwambia, kwa kuwa mimi nilimwita hivyo naye akaazima, "baba alinikataza nisiwaambie. Macho yake. Ni presha ya macho. Lilianza moja, likaja la pili. Huu mwaka wa pili haoni kabisa."

Shangazi alisimama na kopo lake. Alitazama ngazi. Nilidhani atageuka, na kama angegeuka ningewasha gari bila neno. Badala yake akaanza kupanda, ngazi moja baada ya nyingine, na goti lake.

Mzee Vikopo alikuwa ameketi karibu na dirisha, shati lake limepigwa pasi, redio inasema peke yake. Uso wake ulielekea mlango kwa sababu ya nyayo, si kwa sababu ya kuona. Alikuwa amekonda. Shangazi alisimama katikati ya chumba, kopo kifuani.

Yule mzee akainua kichwa akavuta pumzi.

"Mvua imenyesha kule," akasema. "Mnanukia kigingi cha kumi."

"Cha kumi na moja," Shangazi akamsahihisha.

"Bi Sindano."

"Bwana Vikopo."

Binti akazima redio. Akamsogezea Shangazi kiti, na Shangazi akaketi karibu kiasi kwamba magoti yao yalikaribia kugusana, akafungua kopo akaliweka mikononi mwake. Akamweleza. Sijawahi kusikia mtu akieleza kitu namna ile. Yule mzee akauliza, na maswali yake yalikuwa makali: mishipa inagawanyika mara ngapi? Ukingo wake ni wa kamasi au mkavu? Vishanga vimeanza? Vina shingo? Rangi hiyo kwenye kivuli, na kwenye mwanga? Mara mbili alimbishia, mara moja Shangazi akambishia zaidi, na wote wawili walipandisha sauti, na nikaona mashavu ya yule mzee yakirudisha damu.

"Simjui," akasema mwishoni.

"Hata mimi."

Wakacheka. Walicheka kama watu waliopewa zawadi.

Kisha Shangazi akatoa daftari kwenye mfuko. Akalifungua mapajani mwa yule mzee. "Kulikuwa na ajali kwenye safu yako," akasema. "Imekatwa."

"Kwa mstari mmoja?"

"Kwa mstari mmoja, na tarehe."

"Vizuri."

Mimi nilitazama dirishani. Shangazi akamtia kalamu vidoleni, akaushika mkono wake akauweka kwenye ukurasa. "Weka saini," akasema. "Nitakuonyesha kila mahali. Mistari ni mia moja themanini na sita, na wa leo."

Nilishangaa. Yule aliyenikatisha saini zangu jioni mbili nzima, sasa anampa kalamu mtu asiyeona. Mzee Vikopo alikaa na kalamu muda, kidole gumba kikipapasa karatasi. Kisha akairudisha kalamu.

"Siwezi kusaini nisichokiona," akasema. "Unajua. Ndiyo maana sikuja, Bi Sindano. Nilikuahidi jicho la pili, nikalipoteza. Ningekuja kufanya nini? Kukaa kwenye gogo unieleze kila kitu kama mtoto?"

"Miaka minne," Shangazi akasema. Sasa ulimi ulirudi, na machozi pamoja nao, na hakujali nani anamwona. "Miaka minne nimekaa na daftari wazi nikifikiri umenichoka. Nani alikwambia nilitaka jicho?"

Binti alijitia anatafuta kitu jikoni. Baadaye yule mzee akanyoosha mkono hewani mpaka ukakuta bega la Shangazi, ukabaki hapo.

"Nisomee basi," akasema. "Anza mwanzo."

Shangazi akafuta macho kwa upande wa mkono, akarudisha kurasa. "Namba moja. Kati ya kigingi cha pili na cha tatu, ardhini, penye majani makavu. Kofia nyeupe, bapa. Vumbi jeupe." Akahamisha kidole mstari wa chini. "Namba mbili..."

"Maelezo je?"

"Hakuna."

"Bi Sindano, wewe hujawahi kuacha safu tupu."

Nilimwona akinitazama, mimi niliyekwisha kuisoma mbele yake kwa sauti ya mtu anayetumikia adhabu. Nilichukua funguo nikaenda kusimama kwenye ngazi, lakini mlango ulikuwa wazi na nilisikia.

"Uyoga wa kawaida, hauna ajabu," Shangazi akasoma. "Jumamosi ya kwanza umeondoka. Nimeuokota kwa sababu sikujua niifanyie nini mikono yangu."

Nilisikia kiti kikisogezwa.

"Endelea," akasema Mzee Vikopo. "Namba mbili."